Baridi yabisi inayoanzia kwenye damu

Mwezi Juni, stendi ya Nane Nane pale Uyole ina baridi ya kumfanya hata kondakta apunguze maneno. Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi na mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Ubaruku. Mtoto alikuwa mgongoni, amevishwa sweta mbili za mtumba na kofia ya kufunika masikio, umri wake miezi kama kumi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, vinene na vinang'aa, na kila mama alipomsogeza alilia kilio kile cha chini ambacho si cha njaa.

"Baridi yabisi hiyo, baba," aliniambia kabla sijauliza. "Hii baridi yenu imemzidi."

Bibi aliyekaa upande wa pili akashauri achuliwe kwa mafuta ya nyonyo. Nikauliza kama mtoto aliwahi kuongezewa damu. Mara mbili. Macho je? Huwa ya njano, kisha yanarudi. Nikauliza kama wameshampima sikoseli. Akanitazama kama mtu aliyetajiwa jina la jirani wa zamani.

"Sikoseli si ni ya kule kwetu Kwimba? Na huku ipo?"

Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu si la yule mama peke yake. Ni swali la nyanda za juu kusini nzima. Tumezoea kuhesabu selimundu, yaani hiyo sikoseli, kuwa ugonjwa wa Kanda ya Ziwa na wa Pwani, kama tunavyohesabu embe kuwa tunda la Pwani. Mtoto wa huku akiumwa viungo, lugha yenyewe imeshatupa jibu: baridi, na tena yabisi.

Hatujidanganyi bila sababu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki uliobadilisha somo hili. Alionyesha kwamba kinasaba cha selimundu kimejaa pale malaria ilipojaa, na kinapungua kadiri unavyopanda kwenye miinuko isiyo na mbu. Aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu haumwi selimundu, na utotoni malaria kali haimuui kirahisi. Kwa hiyo bondeni kinasaba hicho kilikuwa na faida, na wenye nacho waliishi wakazaa. Kwenye baridi ya Makete hakikuwa na kazi ya kufanya. Hata leo Njombe na Iringa zimo katika mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na babu zetu wa milimani huenda kweli hawakukijua sana.

Ila ramani ya Allison ilikuwa ya watu waliokaa walipozaliwa. Tangu hapo reli ya TAZARA imepita, barabara ya Tunduma imepita, mpunga wa Usangu umewaita watu kutoka kila kona ya nchi, dhahabu ya Chunya vilevile. Wakinga wenyewe wametoka Makete wakajaza maduka mpaka Kariakoo, na huko wameoa na kuolewa. Halafu kuna jambo dogo la jiografia tunalolisahau: mikoa inayoitwa ya nyanda za juu ina mabonde yake. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mbu wake hawajawahi kusikia kwamba wako nyanda za juu. Pawaga na Idodi kule Iringa ni hivyohivyo.

Nisieleweke kwamba Wasukuma wametuletea ugonjwa. Kinasaba hiki kipo Ugiriki, kipo India, kipo Uarabuni; popote malaria ilipowahi kutawala kwa karne nyingi utakikuta, hiki au ndugu yake. Ni alama ya vita ambavyo mababu walishinda, na gharama ya ushindi huo inalipwa na watoto wanaokirithi pande zote mbili.

Sasa niende kwenye molekuli yenyewe, maana humo ndimo ilimo hoja yangu.

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Imejengwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizopangwa kama shanga, na maelekezo ya kuupanga yameandikwa kwenye kromosomu ya 11. Kwa mwenye selimundu, herufi moja ya maandishi hayo imebadilika, A imekuwa T, na shanga ya sita iliyopaswa kuwa asidi ya glutamiki imekuwa valini. Ni kosa la herufi moja tu, lakini kwa Kiswahili tunajua herufi moja inaweza nini: baba anakuwa bata. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, wakauita ugonjwa wa molekuli, wa kwanza kuitwa hivyo duniani. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaipata shanga yenyewe.

Hadithi ya herufi moja husimuliwa kila tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani, na mara nyingi huishia hapo. Mimi naona ndipo inapoanza. Herufi haiumi. Kinachouma ni tabia ya valini. Asidi ya glutamiki hupenda maji. Valini huyakimbia kama mafuta yanavyoyakimbia, na ndani ya chembe ya damu ni maji kila upande. Fikiria mvua ya Tukuyu imewakuta watu barabarani: kila mmoja anatafuta baraza la nyumba ya jirani ajibanze. Valini nayo hufanya hivyo. Kwenye himoglobini ya jirani kuna kishimo kidogo kikavu kinachoitosha kabisa. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, kishimo hicho hakikai vizuri, na valini hubaki mvuani bila madhara. Ikishaitoa oksijeni, umbo lake hubadilika na baraza hufunguka. Wa kwanza anajibanza kwa wa pili, na wa pili ana valini yake inayotafuta wa tatu. Nyuzi zinaundwa, nyuzi 14 zinasokotana kuwa kamba, na kamba inaisukuma chembe kutoka ndani hadi iliyokuwa duara laini inakuwa mundu mgumu.

Jambo ambalo wengi hatukulisikia shuleni ni kwamba kamba hiyo haisokotwi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri. Chembe inatoa oksijeni, inakaa kidogo, halafu ghafla kamba inajitokeza. Chembe ikiwahi kurudi kwenye mapafu kabla ya muda huo kwisha, inapata oksijeni mpya, baraza linafungwa, na hakuna lililotokea. Ni sawa na lori bovu kwenye mlima Kitonga. Likizima likiwa limeshafika juu, ni shida ya dereva na utingo wake. Likizima kwenye kona, abiria wa Mbeya na wa Dar es Salaam wote wanalala porini. Mwili wa mwenye selimundu una mamilioni ya malori ya namna hiyo kila dakika, na swali ni moja tu: litazimia wapi?

Miaka ya 1970 William Eaton na wenzake nchini Marekani walipima muda huo wa kusubiri wakakuta kitu cha kushangaza. Himoglobini ikizidi kidogo tu kujazana ndani ya chembe, muda haupungui kidogo; unaporomoka mara nyingi. Na ukiipunguza kidogo tu, muda unarefuka mara nyingi vilevile.

Ukishalielewa hilo, ushauri wa kliniki unaosikika kama maneno ya kubembeleza unageuka kuwa fizikia. Kunywa maji mengi: chembe iliyokauka hujaza himoglobini mahali padogo, saa inakimbia. Vaa nguo nzito: baridi hubana mishipa midogo, lori linapanda Kitonga polepole zaidi, na muda unaishia kwenye kona. Kwa hiyo yule mama alikuwa sahihi nusu. Baridi yetu ilimzidi kweli mtoto wake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba baridi ilikuta kitu ndani ya damu. Kuvimba kwa vidole vya mikono na miguu kwa mtoto aliyevuka miezi sita ndiyo salamu ya kwanza ya selimundu kwa watoto wengi, na sisi wa nyanda za juu tumeipa jina linaloifukuza hospitali na kuipeleka kwenye chupa ya mafuta.

Kuna na kosa jingine la nyumbani, nalo nilitaje haraka. Mtoto akiishiwa damu, tunakimbilia dawa ya chuma, matembele, juisi ya rozela. Kwa upungufu wa damu wa lishe ni sawa kabisa, na mtoto wa selimundu naye anahitaji kula vizuri. Ila kwake malighafi si tatizo. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yake huishi siku 10 hadi 20. Kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana, bidhaa zinavunjika njiani. Chuma cha chembe zilizovunjika hakipotei, hubaki mwilini, na kila chupa ya damu anayoongezewa huja na chuma chake. Kumwongezea kingine bila kipimo ni kumwaga maji kwenye pipa lililojaa. Anachopewa kliniki ni vitamini ya foliki, kwa sababu kiwanda kinachokimbia kinaimaliza.

Wala selimundu si upungufu pekee wa damu tunaourithi. Talasemia ya alfa, ambapo sehemu ya jeni, yaani vinasaba, za mnyororo wa alfa imekatika, ni ya kawaida Afrika Mashariki, na kwa walio wengi ni nyepesi kiasi cha kutojulikana. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hukaa kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo huwapata zaidi wavulana; mwenye nao anaishi salama mpaka siku anapokunywa dawa isiyomfaa, chembe zikapasuka na mkojo ukawa mweusi. Hilo si hadithi ya vitabuni. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap iliingizwa sokoni Afrika mwaka 2003 na kuondolewa 2008 kwa sababu hiyohiyo.

Turudi kwa mtoto wa Ubaruku. Kwa nini miezi sita ya kwanza hakuumwa? Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, aliona kwamba damu ya vichanga wenye selimundu hukunjika kidogo sana, akakisia kwamba himoglobini ya tumboni inawalinda. Alikuwa sahihi. Tukiwa tumboni hatutumii beta, tunatumia mnyororo mwingine unaoitwa gama, na gama haikubali kuingia kwenye ile kamba. Ni jirani asiye na baraza. Baada ya kuzaliwa, gama inafungwa polepole na beta inachukua nafasi. Mtoto wa selimundu kwa hiyo huzaliwa na dawa yake ndani, kisha mwili wenyewe unaifungia kabatini.

Sayansi yote kubwa ya tiba ya ugonjwa huu, kwa maoni yangu, ni jitihada za kulifungua kabati hilo. Na kumbuka kipimo cha Eaton: huhitaji kufukuza himoglobini mbovu yote. Ukiichanganya na ya gama kiasi cha kutosha, muda wa kusubiri unarefuka na malori yanafika juu.

Ufunguo wa kwanza ni wa zamani kuliko reli zetu. Haidroksiyurea ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, ikatumika baadaye kwa saratani za damu, na mwaka 1998 Marekani ikairuhusu kwa selimundu. Inaingilia uundaji wa DNA katika uloto, ule urojo wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na katika kukabiliana na msukosuko huo uloto unatoa chembe zenye gama nyingi zaidi. Wasiwasi ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa haki: dawa inayobana uloto, kwa mtoto wa Afrika anayeumwa malaria na kula ugali wa maharage kidogo, si itamwua? Jibu lilikuja 2019 kutoka kwenye utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto 606. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu. Malaria ilipungua nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Ni kidonge cha kumeza, hataza yake ilishakwisha, na kimo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani.

Ufunguo wa pili ndio unaojaza vichwa vya habari. Mwaka 2008 watafiti wa Boston waliokuwa wakifuatilia jeni iitwayo BCL11A walithibitisha kwamba ndiyo mlinzi anayefunga duka la gama. Wengi duniani hawasikii kwamba Tanzania ina mkono wake katika kuijua jeni hiyo. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakifuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004, na mwaka 2011 walichapisha, Siana Nkya akiwa mmoja wao, kwamba tofauti ndogondogo kwenye BCL11A zinaathiri kiwango cha gama kwa wagonjwa wa Kitanzania pia. Damu ya watoto wa Dar es Salaam na ya wagonjwa wa Uingereza zilisomwa upande kwa upande.

Miaka 15 baada ya kugunduliwa mlinzi, alifukuzwa kazi. Tiba ya Casgevy iliruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Chembe mama za uloto za mgonjwa hutolewa, huhaririwa kwa CRISPR, mkasi wa kukatia vinasaba, ili BCL11A isifanye kazi ndani ya chembe nyekundu, kisha uloto uliobaki mwilini huuawa kwa dawa kali na chembe zilizohaririwa hurudishwa. Kati ya wagonjwa 30 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Victoria Gray wa Mississippi, wa kwanza Marekani kupata tiba hiyo mwaka 2019, ameishi kusimulia. Bei iliyotangazwa: dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Zaidi ya bilioni 5 za shilingi.

Hapo ndipo wengi wetu hukunja gazeti. Tunasema dawa imepatikana ila ni ya Wazungu, tusubiri ishuke bei kama simu zilivyoshuka. Mimi nasema tunasoma vibaya. Casgevy na kidonge cha 1869 havifanyi mambo mawili tofauti. Vinafungua kabati lilelile, kimoja kwa kuvunja kitasa na kingine kwa kukitikisatikisa. Kinachovunja hufungua wazi na moja kwa moja. Kinachotikisa hufungua nusu, kwa wengine robo, na lazima utikise kila siku maisha yako yote. Tofauti hiyo ni kubwa, siipuuzi. Lakini mtu mwenye njaa ya gama huku Rujewa hana sababu ya kusubiri bilioni 5 ilhali nusu yake kidonge kingempa mwaka huu.

Kwanza, njia ya kati nayo ipo. Kupandikiza uloto wa ndugu anayelingana huponya kabisa, na tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imekuwa ikifanya hivyo kwa watoto wa selimundu. Dodoma si Boston. Kutoka Iringa unafika kwa basi la asubuhi. Ila ndugu anayelingana hapatikani kwa kila mtoto, na kitanda ni kimoja kimoja. Kuna pia onyo kuhusu kukimbilia kila kipya: voxelotor, dawa iliyotengenezwa kwa akili nyingi ili kuifanya himoglobini ishikilie oksijeni na lile baraza lisifunguke, iliruhusiwa 2019, ikapandisha himoglobini kweli, na mwaka 2024 Pfizer wakaiondoa duniani kote baada ya takwimu za mashambulio na vifo kuwatia shaka. Karatasi ya maabara ilipendeza, mgonjwa hakupona. Kwa jicho la mtu wa mbali, kidonge kilichozeeka kinaonekana kina heshima zaidi.

Basi tatizo letu huku si ukosefu wa dawa ya ajabu. Ni kwamba mtoto hajulikani. Huwezi kumpa haidroksiyurea, wala penisilini ya kumkinga na nimonia, wala kumwambia mama yake maji na sweta, kama wewe unamwita mgonjwa wa baridi yabisi. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, miongoni mwa nchi za juu kabisa duniani, na wengi hugundulika wakiwa wameshachelewa au hawagunduliki kamwe.

Na hapa nyanda za juu kusini zina kitu ambacho hatujakitazama kwa jicho hili. Tuna njia ya damu. Njombe inaongoza nchi kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa 2022 na 2023, Iringa na Mbeya zikifuata. Msiba huo umetujengea kitu: kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hutobolewa kisigino, matone ya damu hukaushwa kwenye kadi yenye miduara, na kadi husafiri kutoka zahanati hadi maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wauguzi wa Ludewa na Makete wanaijua kazi hiyo kama kusonga ugali. Kipimo cha VVU hakimalizi miduara yote.

Kule Mwanza walishaona maana ya miduara iliyobaki. Watafiti wa Hospitali ya Bugando walichukua kadi 17,200 za namna hiyo kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi, wakazipima selimundu, na matokeo yakachapishwa 2020: asilimia 20.3 walibeba kinasaba na asilimia 1.2 walikuwa wagonjwa. Walipata pia ramani ya wilaya hadi wilaya, ya kuonyesha pa kuanzia. Hawakuhitaji kujenga barabara mpya ya sampuli. Sisi barabara hiyo tunayo, pengine imara kuliko yao, na tunaipitisha mzigo mmoja tu.

Najua yatakayosemwa. Kwamba watoto wa kadi hizo ni wa mama wenye VVU pekee, si picha ya wote. Kweli, lakini kinasaba cha selimundu hakichagui kwa VVU, na kwa kuchora ramani inatosha. Kwamba milimani wagonjwa watakuwa wachache na fedha zitapotea. Nakubali nusu: mimi nisingeanza kupima kila kichanga wa Makete. Ningepima kadi zilizopo za mikoa yote, kisha kila mtoto anayezaliwa Kyela, Mbarali na Chunya kwa vipimo vya haraka vya tone la damu, vile vinavyotenganisha mwenye ugonjwa na mbebaji, yaani aliyekirithi kinasaba kwa mzazi mmoja tu, hapohapo kitandani. Kile kipimo cha zamani cha kukunja chembe kwenye kioo hakifai kwa kichanga. Gama yake bado nyingi, na hata kwa mkubwa hakitofautishi mgonjwa na mbebaji. Nimeona familia zikirudi na jibu "ana sikoseli" kwa mtoto ambaye ni mbebaji tu, akaachishwa michezo shuleni bure.

Hoja nzito zaidi ni hii: ukishamjua mtoto, una nini cha kumpa? Haidroksiyurea inataka picha kamili ya damu kila baada ya muda, kwa sababu ukizidisha dozi uloto unazimika. Mashine ipo wilayani, kemikali zake wakati mwingine hazipo. Kupima bila dawa ni kumtangazia mama msiba na kumrudisha nyumbani. Kwa hiyo kadi na kidonge viende pamoja, na hilo ni suala la bajeti ya halmashauri, si la maabara za Boston. Mimi ningependa kumsikia diwani mmoja tu akiuliza haidroksiyurea iko kwenye oda ya robo mwaka au haipo, kwa sauti ileile anayoulizia greda la barabara.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Baba mbebaji na mama mbebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Si kwamba mmoja wa watoto wanne ataumwa. Kila mimba inacheza bahati nasibu yake upya, na nimeona familia yenye watatu wagonjwa kwa mfululizo wakiambiwa wamelogwa. Molekuli hapa haina upendeleo: mnyororo mmoja wa beta ulikuja na baba, mwingine na mama, na bila vyote viwili hakuna ugonjwa. Ila ukienda kwenye kliniki utakuta benchi limejaa kina mama na watoto. Kesi inasikilizwa upande mmoja. Mwanamke ndiye "aliyeleta ugonjwa kwenye ukoo", na mume ambaye hajawahi kutobolewa kidole anaoa wa pili, ambaye naye huenda ni mbebaji.

Basi la Ubaruku lilipopiga honi, yule mama alinipa kipande cha gazeti nimwandikie hicho kipimo. Niliandika: apimwe aina ya himoglobini. Akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na nauli.

"Na baba yake naye apimwe?"

"Naye."

Akacheka kidogo, akimpandisha mtoto mgongoni taratibu asimguse vidole. "Hapo sasa, baba, ndipo uniandikie dawa."